Beringi nyingi za tairi la pikipiki zinauliwa siku ileile zinapofungwa

Wadau habari zenu. Kuna jambo limenikaba kooni mda sasa na leo naliandika lote lilivyo, nalo ni beringi za tairi za pikipiki. Boda anakuja gerejini tairi la nyuma linacheza, anabadilishiwa beringi, anaondoka, baada ya mda mfupi yupo tena tairi linacheza vilevile, akiuliza anaambiwa kaka ni mishkaki hiyo, punguza abiria, au ni barabara, au ni spea za siku hizi. Anaamini, anatoa hela tena. Mimi nasema hapana, beringi nyingi zinazotolewa kwenye pikipiki hapa Dar zilishauliwa siku ileile zilipofungwa, barabara imekuja kumalizia tu.

Na sisemi kwa hisia, tupige hesabu. Chukua beringi namba 6301 ambayo inatumika sana kwenye pikipiki ndogo. Uwezo wake wa kubeba ikiwa inazunguka, kwenye vitabu vya watengenezaji wakubwa, ni karibu kilonyutoni 10, yani kama uzito wa tani moja. Kanuni ya maisha ya beringi ya gololi iko hivi, unagawa ule uwezo kwa mzigo halisi, jibu unalizidisha lenyewe mara tatu, unachopata ni mamilioni ya mizunguko ambayo beringi tisa kati ya kumi zinatarajiwa kufika. Sema tairi la nyuma limebeba kilo 200, beringi mbili zinagawana, kila moja kilo 100. Tani moja gawa kwa kilo 100 ni 10, kumi kwa kumi kwa kumi ni 1000, kwaiyo mizunguko milioni 1000. Tairi la inchi 17 likizunguka mara moja linatembea karibu mita 1.9, piga mwenyewe utaona ni karibu kilomita milioni 1.9. Haya weka mishkaki na gunia la mchele juu, mzigo uwe mara mbili, maisha yanashuka hadi moja ya nane, bado unabaki na zaidi ya kilomita laki mbili. Hayo ni ya kwenye karatasi, barabarani kuna mashimo na vumbi, sawa, punguza, punguza tena. Lakini beringi iliyokufa kwenye kilomita elfu tatu usiniambie imekufa kwa uzito wa abiria.

Kinachoiua mara nyingi ni nyundo.

Beringi ina ringi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati gololi. Kwenye tairi la pikipiki ringi inayobana ni ya nje, ndo inakaa kwa kukazwa ndani ya habu, yani kitovu cha tairi, ile ya ndani ekseli inapita kwa mkono bila shida. Kwaiyo unapoiingiza kwenye habu nguvu yote lazima ipite kwenye ringi ya nje peke yake. Sasa fundi anachukua kipande cha nondo, anakisimamisha kwenye ringi ya ndani kwa sababu ndo iko karibu, anaanza kugonga. Ile nguvu ili ifike kwenye ringi ya nje lazima ipite kwenye gololi. 6301 ikiwa imesimama inavumilia mzigo wa zaidi kidogo ya kilo 400 kabla chuma hakijaanza kubonyea, na hizo 400 ni za mzigo unaotoka juu kwenda chini, sio wa ubavuni ambao beringi hizi haziupendi kabisa. Nyundo ya kilo moja mkononi mwa kijana mwenye nguvu inapita hapo kirahisi sana, maana pigo ni la kitambo kidogo tu na nguvu yote inakusanyika pale. Injinia mmoja wa Sweden anaitwa Brinell alionyesha mwaka 1900 namna ya kupima ugumu wa chuma kwa kukandamiza gololi juu yake na kupima kishimo kinachobaki. Ukigonga ringi ya ndani unafanya kipimo hichohicho ndani ya beringi mpya, kila gololi inaacha kishimo chake kwenye njia yake. Kwa macho huoni kitu, ukizungusha kwa kidole utahisi kama inakwama kidogo kidogo, na ukishaanza kutembea gololi zinaruka vile vishimo maelfu ya mara kwa kila kilomita, kama gari kwenye barabara ya matuta matupu, chuma kinaanza kumenyuka, makombo yanaingia kwenye grisi, imekwisha.

Ndo maana nasema imeuliwa siku ya kufungwa.

Kabla hujafungua chochote hakikisha kwanza tatizo ni beringi. Simamisha kwa stendi ya kati tairi liwe hewani, shika tairi juu na chini, vuta mkono mmoja sukuma mwingine, kisha shika mbele na nyuma ufanye hivyohivyo. Likicheza angalia kinachocheza ni nini. Kwa nyuma mara nyingi sana ni bushi za mkono wa nyuma, ule unaobeba tairi, zimelegea, tairi lote linaenda pamoja na mkono, hapo ukibadilisha beringi umetupa hela. Kwa mbele inaweza kuwa vikombe vya usukani. Mtu mwingine ashike ule mkono wa nyuma au shokapu za mbele kwa nguvu wewe uvute tairi, kama tairi linacheza na vyenyewe vimetulia, hiyo ni beringi. Alafu zungusha tairi taratibu huku kiganja kingine kimelala kwenye mkono wa nyuma karibu na nati ya ekseli, beringi mbovu utaisikia kwenye kiganja kabla ya masikio, inakuja mtetemo wa chembechembe. Kwenye breki za disk utaona pia disk inagusa pedi upande mmoja na inaacha, ukilaza pikipiki kwenye kona mlio unabadilika.

Kwenye kununua, soma namba kwenye beringi yenyewe iliyotoka, usiende dukani kusema nipe za Boxer au nipe za TVS maana modeli zinatofautiana na miaka inatofautiana, na pikipiki ilishapita mikononi mwa mafundi wengine huko nyuma. Namba inasomeka hivi: 6 ya mwanzo ni aina, beringi ya gololi ya kawaida, inayofuata ni unene wa familia yake, mbili za mwisho ni tundu la ndani. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwaiyo 6202 na 6302 zote tundu ni 15 lakini ya kwanza nje ni 35 na ya pili ni 42, ukichukua isiyo yako umerudi Kariakoo kwa nauli yako.

Baada ya namba kuna herufi, na hapa watu wanapuuza sana. 2RS maana yake ina raba pande zote mbili, ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. Bati linazuia kokoto na vumbi kubwa, maji linapitisha. Kwa mji wenye mchanga na mvua kama huu wetu mimi sifungi ZZ kwenye tairi kama 2RS ipo, na tofauti ya bei haifiki hata nauli ya kurudi gerejini. Kampuni nyingine zinaandika kwa herufi zao, NTN wanaandika LLU, NSK wanaandika DDU, ni raba hizohizo. Alafu kuna C3. Dukani utaambiwa chukua C3 ndo bora, sio kweli, C3 sio daraja la ubora, inaeleza tu kwamba ndani kuna nafasi kubwa kidogo zaidi kati ya gololi na ringi. Kama ya kiwandani ilikuja na C3 rudishia C3, kama haikuwa nayo weka isiyo nayo.

Feki zipo, kila mtu anajua. SKF, watengenezaji wa beringi, wana programu yao ya simu ya kutuma picha ya beringi na boksi waiangalie, kwa kitu cha kuegemea maisha sio mbaya kuitumia. Lakini hata bila simu, maandishi yaliyofifia au yaliyopinda, boksi lenye jina lililokosewa herufi, beringi ya jina kubwa kwa bei ya karanga, acha hapohapo. Na dai risiti, duka lisilotaka kukupa risiti ya beringi linakwambia kitu.

Kutoa. Ndani ya habu kati ya beringi mbili kuna kipaipu, wengine wanaita bushi wengine spesa, kikumbuke maana nitakirudia sana. Kabla ya kugonga toa sili ya nje, ile raba ya duara ya kuzuia vumbi na maji, alafu tazama vizuri kama kuna sekilipu, ile ringi ya kufyatua inayokaa kwenye mfereji wake mbele ya beringi. Nimeona habu imepasuka kwa fundi kugonga na sekilipu iko ndani. Ikishatoka, ingiza chuma kirefu kwa upande wa pili, sukuma kipaipu kikae pembeni kidogo mpaka uone ukingo wa ringi ya ndani ya beringi unayoitoa, gonga pale, hama upande wa pili, gonga, hama, usigonge sehemu moja tu maana itakaa mshazari na kuchubua kiti chake, yani tundu la habu inamokaa. Kama kipaipu hakisogei kabisa, kuna njia ya bolti zile za kutanuka wanazofungia mageti ukutani, unatafuta saizi inayoingia kwenye tundu la ringi ya ndani, unaikaza itanuke ishike, unageuza tairi unagonga bolti kwa upande wa pili, inatoka na beringi yake.

Kutoa tunagonga ringi ya ndani kwa sababu hakuna njia nyingine, kwaiyo iliyotolewa hivyo isirudi, hata kama ilikuwa nzima kabla. Kuna ule utaratibu wa kutoa beringi, kubandua raba, kuosha kwa petroli, kujaza grisi mpaka inafurika na kuigonga irudi kwenye kiti, mteja anaambiwa nimekufanyia sevisi. Kwa kweli unakuwa umeipiga mara mbili, raba umeipinda haibani tena, na grisi uliyojaza ni nyingi mno. Kiwandani hawajazi, nafasi ya ndani wanaijaza kama robo hadi theluthi tu, kwa sababu grisi ikijaa inasukwasukwa na gololi, inapata moto, inatafuta pa kutokea kwenye raba. Beringi ya 2RS mpya ifunge kama ilivyotoka kwenye karatasi yake. Na usiifungue karatasi mpaka kiti kiko tayari, kuiacha juu ya benchi la gereji lenye vumbi la grinda ni kuiharibu kabla ya kazi.

Kiti chenyewe kisafishe kwa kitambaa na petroli kidogo, pitisha kidole chote mzunguko. Ukikuta sehemu imenyanyuka kwa kuchubuliwa na beringi iliyotoka, isugue taratibu kwa msasa laini sehemu ile tu, usisugue kiti chote utakipanua. Kisha tazama kwenye bega, pale beringi inapokwenda kusimama, chembe moja ya mchanga pale inatosha beringi ikae mshazari.

Sasa moto, na hapa naomba mnisikilize. Habu ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kiti cha milimita 37 ukikipandisha joto kwa nyuzi 60 kinatanuka kama 0.05 ya milimita, inaonekana ndogo lakini kukazwa kwenyewe kwa beringi mle ndani ni sehemu za mia za milimita hivyohivyo, kwaiyo umeondoa sehemu kubwa ya kubana bila nyundo. Beringi iweke friza usiku, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri isipate unyevu. Habu ianike juani mchana huu wa Dar, alafu mwagia maji ya moto ya birika taratibu kuzunguka kiti, kausha haraka kwa kitambaa, weka beringi. Mara nyingi itaingia kwa kusukumwa kidogo sana. Usitumie mtungi wa gesi kupuliza moto habu, huwezi kupima joto, rangi inaungua, na aluminiamu haibadiliki rangi kukuonya kama chuma, unashtukia imelegea. Na beringi yenyewe usiichemshe, ya raba haitakiwi kuzidi nyuzi 100 hivi.

Kuisukuma, cha kwanza kwa ubora ni bolti ndefu ya nyuzi mwili mzima, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo sana. Kwa beringi ya tundu 12 au 15 chukua ya M10, yani ya unene wa milimita 10. Inapita katikati ya habu, upande mmoja washa pana (ile ringi bapa ya chuma) na nati, upande wa beringi mpya unaweka soketi au kipande cha bomba nene kinachogusa ringi ya nje tu, washa, nati, unakaza kwa spana. Inaingia sawa, kimya, na mkononi unahisi kabisa inapofika kwenye bega maana spana inagoma ghafla. Soketi ya kusukumia ipimwe kwa nje yake, iwe ndogo kidogo tu kuliko beringi ili nayo isikwame kwenye kiti. Kama bolti huna, nyundo ya plastiki na soketi hiyohiyo, mapigo mepesi katikati ya soketi, kila baada ya mapigo machache inama uangalie kwa usawa wa jicho kama inaingia wima. Ikianza kupinda usiinyooshe kwa nguvu, itoe uanze upya. Wengine wanatumia beringi iliyotolewa kama kifaa cha kugongea ile mpya, inafanya kazi kama ni ya namba ileile, ila pitisha grinda nje yake ipungue kidogo isije ikabanwa humo ndani.

Upande wa kwanza unaingia mpaka uguse bega lake kabisa. Upande upi unaanza kitabu cha pikipiki yako kinasema, kwa tairi nyingi za disk ni upande wa disk. Maandishi ya namba yaangalie nje, mtu wa kesho atayasoma bila kutoa. Kama ni beringi yenye kifuniko upande mmoja tu, kifuniko kinatazama nje.

Tumefika kwenye kipaipu. Hapa ndo beringi za upande wa pili zinafia, na hapa ndo ukimuuliza fundi maswali mawili utajua kama anajua kazi. Unageuza tairi, unaingiza kipaipu kabla ya beringi ya pili, unakiweka katikati kwa kupitisha ekseli, ndo unaleta beringi ya pili. Na hii ya pili HAIENDI mpaka kwenye bega kwa nguvu kama ya kwanza. Inaenda mpaka ringi yake ya ndani iguse kipaipu, basi, hapo umesimama. Inawezekana kabisa nyuma ya ringi ya nje ikabaki nafasi ndogo haijafika kwenye bega, na hiyo ni sawa, ndo ilivyokusudiwa, kipaipu kinatengenezwa urefu sawa na umbali wa mabega mawili au kinazidi kidogo mno.

Ukiendelea kugonga baada ya kugusa, ringi ya nje inaenda mbele, ya ndani imezuiwa na kipaipu, gololi zimebanwa ubavuni kwenye beringi zote mbili. Tairi litazunguka zito. Boda ataambiwa ni mpya zitalegea zenyewe, na kweli zitalegea, kwa kuliwa.

Kinyume chake nacho kinaua vilevile. Kipaipu kikiwa kifupi, au hakipo kabisa, unapokaza nati ya ekseli ringi mbili za ndani zinavutwa kuelekeana huku za nje zimesimamia mabega yake. Kadiri unavyokaza ndo unavyozibana. Watu wanadhani kile kipaipu ni cha kujazia nafasi tu, kikidondoka kwenye mchanga wakati wa pancha kinapotea na tairi linafungwa hivyohivyo, au kinakatwa kipande cha bomba la maji kwa kukadiria na msumeno, mwisho mmoja mshazari. Nguvu yote ya nati ya ekseli inapita kwenye kipaipu hicho. Kinatakiwa kiwe na ncha mbili zilizonyooka kabisa na urefu wake halisi. Kama kimepotea pima kati ya bega na bega, nenda kwa fundi wa lethi akuchongee, au nunua chenyewe. Hata cha zamani kitazame ncha zake, kama ringi ya ndani imekuwa ikizunguka juu yake kinakuwa kimelika mfereji, tayari kimefupika.

Namna ya kupima: kabla ya kuingiza ekseli weka kidole kwenye ringi ya ndani ya upande wa kwanza uzungushe, kisha upande wa pili, zote ziwe laini sawasawa. Kisha ingiza kidole ujaribu kusogeza kipaipu pembeni. Kisogee kwa kulazimishwa. Kikigongagonga chenyewe humo ndani, beringi ya pili haijafika, kikiwa hakisogei kabisa na beringi ni nzito, umepitiliza.

Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za hapa lina beringi ya tatu, ile iliyo kwenye kapu la spoketi, na hii inasahaulika kupita kiasi. Mbili za habu zinabadilishwa, ya tatu inaachwa, spoketi inaendelea kuyumba, cheni inakula upande mmoja, mteja anarudi na lawama. Bila kapu hilo kukaa imara hata beringi mpya za habu zinavutwa na cheni. Ukiwa umefungua nyuma badilisha zote tatu, na zile raba za kupunguza mshtuko zilizo kati ya spoketi na habu zitazame kama zimekauka. Huko nako kuna kibushi kidogo kinachokaa ndani ya beringi, usikipoteze.

Sili za nje weka mpya, ni hela ndogo sana, na mdomo wake pakaza grisi kidogo kwa kidole, ekseli nayo pakaza nyembamba isishike kutu. Kwa mbele, kama spidi mita yako ni ya kebo, ile gia yake ina vimeno vinavyoingia kwenye mifereji ya habu. Zungusha tairi taratibu mpaka uhisi vimekaa, ukikaza nati vikiwa juu unavivunja na unajidanganya kuwa umekaza, kumbe ekseli imesimamia vimeno.

Kukaza nati fanya kwa awamu. Kaza kidogo, zungusha tairi, kaza, zungusha. Tairi lililokuwa jepesi likianza kuwa zito kadiri unavyokaza, usilegeze nati ili liwe jepesi ukamwachia mtu aende, nati ya ekseli iliyolegezwa inaua binadamu. Fungua, tatizo liko kwenye kipaipu au beringi ya pili. Hakikisha sio breki inayobana, legeza waya wa breki uone. Mwisho kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kama nati ni ya pini, pini mpya.

Kuna kesi moja ngumu, kiti kikiwa kimelika, beringi inaingia kwa kidole bila kubana. Hapo ringi ya nje nayo inazunguka ndani ya habu na inaendelea kuila. Dawa ya mtaani ni kupiga vidoti kwa panchi kuzunguka kiti, au kuzungushia bati la kopo la soda. Vidoti vinashika kwa siku chache, aluminiamu laini inalala tena, na bati linakaa upande mmoja nene upande mmoja jembamba, beringi haiko katikati ya tairi. Kama kulegea ni kudogo sana ipo gundi maalumu ya beringi, mfano Loctite 641, unasafisha mafuta yote, unapaka, unaacha ikauke inavyotakiwa. Kama kulegea ni kukubwa peleka kwa fundi wa lethi atanue kiti na kuingiza bushi, iwe katikati kabisa, au nunua habu nyingine. Najua ni hela, najua kijana ana hesabu ya siku ya kumpelekea bosi wa pikipiki, lakini tairi la mbele likishika ukiwa kwenye Mandela barabarani nyuma yako kuna lori la kontena.

Na baada ya yote hayo usiende kuipeleka ikaoshwe kwa mashine ya presha, mpira umeelekezwa kwenye ekseli moja kwa moja. Raba za beringi zimetengenezwa kuzuia matone na vumbi, maji ya presha zinayaachia. Waambie vijana wa kuosha pale katikati ya tairi watumie ndoo na sponji. Mafuriko nayo hivyohivyo, habu iliyopata moto kwa breki na mwendo ikizama ghafla kwenye maji ya Jangwani, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji kupitia sili. Kama umevuka maji yaliyofika kwenye ekseli, siku inayofuata pandisha stendi ya kati, kiganja karibu na nati, zungusha tairi. Rudia tena baada ya wiki, maana kutu ya ndani haisikiki siku ya kwanza.